Mkono Mzima wa Mzee Kaijage

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba 2025, Mzee Telesphor Kaijage alirudisha kitambulisho, funguo na redio yake ya mkononi katika ofisi ya stesheni ya Thornley Road, hapa jirani na Wembley, akastaafu rasmi. Alikuwa ametumikia treni za chini ya ardhi za London kwa miaka thelathini na mmoja, mwezi mmoja na siku ishirini na sita. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Sisi wengine tungesema miaka thelathini na ushee, lakini Mzee Kaijage hapendi ushee.

Umoja wetu wa Wafanyakazi wa Usafiri Wazungumzao Kiswahili umeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe ya leo. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, ingawa najua wapo wanaoandika vizuri kuliko mimi. Nimefanya kazi naye miaka kumi na sita katika stesheni hiyo moja. Nimekula ndizi zake za nyama, nimeazima mwavuli wake nisirudishe, na nimemcheka siku ambayo sikupaswa kumcheka, kama mtakavyosoma.

Mzee Kaijage alizaliwa Kamachumu, mkoani Kagera, mwaka 1959. Alifika London mwaka 1991 akimfuata mkewe, Mama Restuta, aliyekuwa amekuja kusomea uuguzi. Miaka mitatu ya mwanzo alibeba maboksi kwenye maghala ya Hayes. Tarehe 5 Septemba 1994 aliajiriwa Thornley Road kama mfagiaji, na mwaka 1998 akakabidhiwa kibao. Kwa wasioijua kazi yetu: kibao ni kile kiduara cheupe chenye mpini, ambacho mfanyakazi wa platifomu hukiinua kumwambia dereva kwamba milango imefungwa salama na treni inaweza kuondoka. Dereva hawezi kuona mabehewa yote. Anakiamini kibao, na aliyekishika.

Ni kazi aliyoipenda kupita kiasi. Siku za mechi kubwa uwanjani, watu elfu wanaposhuka kwa pamoja wakiimba, yeye alikuwa akiwapanga kwa upole hadi wakaanza kumwimba yeye. Katika vitu vilivyopotea aliwahi kumrudishia bwana harusi suti yake dakika arobaini kabla ya ndoa, na bibi mmoja meno yake ya bandia, ambayo aliyafunga kwenye bahasha na kuiandikia “Vyombo vya Chakula” ili yule bibi asione haya mbele za watu. Watani wanasema Mhaya asiyejisifu hajazaliwa. Basi waje Thornley Road, maana habari hizi zote nimezipata kwa wengine.

Siwezi kuacha mgomba. Mwaka 2011 alinunua mche wa mgomba unaostahimili baridi, akaupanda kwenye bustani yetu ndogo nyuma ya stesheni. Karatasi ilisema asili yake ni Japani, wala hakulitilia maanani jambo hilo wakati ule. Kila majira ya baridi aliuvisha sweta kuukuu za kazini, tukawa tunausalimia asubuhi kama mfanyakazi mwenzetu. Umekuwa mkubwa kupita mlango wa ofisi na haujawahi kuzaa ndizi ya kulika hata moja. Kwa mtu wa Kagera hiyo ni aibu ya ukoo, na sisi watu wa Tanga hatukumwacha apumzike.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe ameniruhusu nilieleze. Alisema nikiliruka, wasifu huu utakuwa wa mtu mwingine.

Asubuhi moja ya Februari 2017 Mzee Kaijage aliinua kibao na treni ikaondoka, huku mshipi wa mkoba wa abiria mmoja ukiwa umebanwa mlangoni. Abiria huyo, Seema, muuguzi aliyekuwa akielekea kazini, alikuwa ameshuka na mkoba begani. Alikimbia sambamba na treni hatua sita au saba, mshipi ukakatika, akaanguka na kuvunjika kiwiko cha mkono wa kulia. Uchunguzi ulionyesha kwamba mshipi ulikuwa mwembamba na umati ulikuwa mkubwa, na Mzee hakupewa adhabu. Lakini yeye alijua. Alimwambia meneja wetu, Bi. Parminder, kwamba macho yake yalitazama mlango ule na hayakuuona, kwa sababu moyoni alikuwa Kamachumu anapanga mabati ya nyumba yake. Alikwenda hospitali na ua mkononi kumwomba Seema radhi. Seema alimpokea vizuri, akamwambia mfupa utaunga. Ila hakupita tena Thornley Road. Tulisikia alianza kupanda basi, safari ya dakika ishirini ikawa ya saa nzima.

Tangu siku hiyo mkono wa Mzee Kaijage uligoma. Akisimama platifomu, milango ikifungwa, kibao kilimganda mkononi. Kwa kanuni zetu mtu wa namna hiyo huhamishiwa kwenye mageti ya tiketi mpaka apimwe upya na kufaulu. Alipimwa mwaka 2018, akashindwa. Akapimwa 2019, akashindwa tena. Baada ya mara mbili hakuna kupimwa tena isipokuwa meneja akuombee kwa maandishi, na meneja mwenye akili haombei mtu ambaye mkono wake unaganda. Basi akawa mzee wa geti. Wafanyakazi wapya walimjua hivyo tu: mtu mpole anayewasaidia watalii na masanduku. Hawakujua kwamba kila mwaka, siku ya kupanga malengo, alikuwa akiandika lengo lile lile moja, kwamba asistaafu akiwa getini. Alitaka kuiondosha treni, japo moja, kwa mkono wake, kabla ya kuaga.

Novemba 2023 alikwenda Osaka kumtembelea binti yake, Adelina, anayefundisha huko. Adelina alikuwa amempangia ratiba ya wiki mbili, yenye kasri, mahekalu na bustani. Baba mtu aliona kasri siku ya kwanza. Siku ya pili walishuka kwenye stesheni ya chini ya ardhi karibu na nyumbani kwa Adelina, stesheni ambayo Mzee hutaja jina lake kila mara kwa namna tofauti, na hapo ratiba ikafa.

Kwenye platifomu alikuwapo mfanyakazi wa makamo, glavu nyeupe, kofia sawasawa. Kabla treni haijaingia alinyoosha kidole kuelekea reli akatamka neno kwa sauti. Akanyoosha kwenye mstari wa manjano, akatamka. Milango ilipofungwa alinyoosha kidole kufuata treni nzima kutoka kichwa hadi mkia, akatamka. Treni ilipokwisha kuondoka na platifomu kubaki tupu, alinyoosha tena kwenye reli tupu, akatamka. Mzee Kaijage, kwa malezi yetu, alijua maana moja tu ya mtu mzima kunyoosha kidole na kupaza sauti. Aligeuka kumtafuta mkosaji. Hakumwona. Treni iliyofuata, mambo yakawa yale yale, na hapo ndipo alipoketi kwenye benchi. Adelina anasema alimwacha pale saa nne asubuhi, akarudi saa nane mchana akamkuta pale pale.

Alikwenda siku tatu mfululizo. Siku ya nne yule bwana, jina lake Hirano, alikuja mwenyewe wakati wa mapumziko, akainama kwa heshima, na Adelina akatafsiri. Mzee alimuuliza swali moja: anamwambia nani? Bwana Hirano alijibu kwamba anajiambia mwenyewe, kwa sababu macho ni mavivu, ukiyaacha peke yake yanakuonyesha yale yaliyoyaona jana. Mkono ukinyooka na mdomo ukitamka, macho hayana budi kwenda kweli. Mzee Kaijage alitoa leso, akasema moshi umemwingia machoni, chini ya ardhi, mahali pasipo na moshi.

Kisha akatoa mfukoni kopo la senene alilokuwa amembebea Adelina kutoka London, maana ndio ulikuwa msimu wake na shangazi alikuwa ametuma kutoka Bukoba. Adelina alitamani ardhi ipasuke. Bwana Hirano alimtazama senene mmoja kwa makini, akatafuna, akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. Bibi yake, alisema, alikuwa akiwapika panzi wa mashamba ya mpunga kwa sukari na sosi ya soya, na hakuwa amemla panzi tangu bibi huyo afariki. Walimaliza kopo zima. Adelina, aliyekuwa akimsubiri senene yule mwaka mzima, hakubakiziwa hata mguu.

Aliporudi Thornley Road, Mzee alianza kufanya mazoezi getini, kwa Kiswahili. Alisema Kiingereza cha kazini amekizoea mno, maneno yanapita bila kubisha hodi. Basi ikawa kutwa nzima kidole kimenyooka: “Geti, nimeona! Mkoba, nimeona! Mtoto, nimeona!” Mimi nilicheka. Si kucheka tu, nilimwambia mbele ya watu, kwa sauti ya mzaha, kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Aliteremsha mkono, akaenda kumsaidia mtu na sanduku. Ilinichukua hadi nafika nyumbani kutambua ni nani nimemwambia maneno yale, na kuhusu nini. Kesho yake nilimwomba radhi. Aliniambia methali ile ni ya watu ambao bado hawajamwangusha mtu. Hakuisema kwa hasira, na ndiyo maana sijaisahau.

Kilichokaribia kumaliza kila kitu hakikuwa kicheko changu, kilikuwa malalamiko. Bi. Ibtisam, Mzanzibari anayepita kwetu kila siku kwenda kwenye shule ya chekechea anakofundisha, aliingia ofisini mwa Bi. Parminder akiwa amefura. Bi. Parminder ni Singasinga mzaliwa wa Kisumu, kwa hiyo Kiswahili kilitiririka bila breki. “Mimi napita hapa every morning, mwaka wa tisa huu. Sijawahi kunyooshewa kidole na baba mzima kama mwizi wa kuku! Mkoba wangu, nimeona, mkoba wangu, nimeona. Ameona nini?” Malalamiko yaliandikwa, na Mzee akaamriwa aache mara moja. Kwa mtu anayetafuta kuombewa kibali na meneja huyo huyo, maji yalikuwa yamefika shingoni.

Mzee aliomba kitu kimoja, aruhusiwe kumwomba radhi Bi. Ibtisam ana kwa ana. Alimngoja asubuhi iliyofuata, akamweleza yote: mshipi, Seema, mkono uliogoma, Osaka, Bwana Hirano. Bi. Ibtisam alisikiliza hadi akakosa treni mbili. Kisha akasema kwa sauti ambayo geti zima lilisikia: “Sasa baba, Mjapani ana kwao na sie tuna kwetu. Mgeni kwani huonyeshwa kiti kwa kidole? Si huonyeshwa kwa mkono mzima?” Akafungua kiganja chake, kikatazama juu, akamwonyesha, kama anavyowaonyesha watoto wake wa chekechea mahali pa kukaa. Mzee akafungua chake.

Hivyo ndivyo desturi ya stesheni moja ya Osaka ilivyopata adabu ya Unguja hapa Wembley. Kidole kiliondoka, ukaja mkono mzima. Abiria walidhani wanakaribishwa, wakaanza kutabasamu. Bi. Ibtisam alirudi ofisini mwenyewe kufuta malalamiko yake, na kuanzia hapo alikuwa akipita getini ameshika mkoba kwa mbele, anasema yeye kwanza: “Mkoba, umeona?”

Kidole kimoja hakivunji chawa, nasi tukaingia kazini. Wakati wa mapumziko tulipanga viti kama mabehewa kwenye chumba cha chai, mmoja akifunga “milango” huku Mzee akipita na mkono wake: “Milango, nimeona. Ukingo, nimeona. Mikoba, nimeona. Njia nyeupe.” Mimi nilikuwa abiria mwenye mkoba, na nilimtegea mshipi kila mahali, hata ndani ya soksi. Kufikia mwaka huu hata wenzetu wasiojua Kiswahili, Mpolandi na Mjamaika, walikuwa wakifungua kabati na kusema “nimeona.”

Bi. Parminder ndiye aliyebaki mgumu, na hatukumlaumu, maana ni saini yake. Yeye anaishi Hayes, na kwa miaka mingi amekuwa na ugonjwa wa kurudi nyumbani kuhakikisha kama amezima pasi. Asubuhi moja ya Julai, bila kumwambia mtu, alisimama jikoni kwake akafungua kiganja: jiko, nimeona, pasi, nimeona, mlango, nimeona. Akapanda treni, akafika kazini, na mchana akagundua kwamba hakuiwaza pasi hata mara moja. Siku hiyo hiyo aliandika barua ya kumwombea Mzee Kaijage apimwe mara ya tatu. Ametuomba tusiitaje habari ya pasi kwenye sherehe. Nimejaribu.

Mtihani ulikuwa Alhamisi, tarehe 18 Septemba, ukiwa umebaki mwezi na nusu tu wa kazi. Mtahini alikuwa mwanamke mtaratibu kutoka makao makuu, mwenye daftari. Treni tano zilitosha. Ya kwanza Mzee aliipitisha vizuri. Ya pili vizuri. Mimi nilikuwa ngazini, nimeshika ufagio ambao haukuwa na kazi yoyote.

Treni ya tatu ilijaa. Milango ilifungwa, Mzee akafungua mkono, akasema milango, akasema ukingo, akaishia hapo. Mkono ukabaki hewani. Kibao kilikuwa chini. Nilihesabu moyoni, moja, mbili, tatu, nne, nikajua yamekwisha, ni mwaka 2018 umerudi. Dereva alichungulia dirishani. Ndipo Mzee Kaijage aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Bado sijaona.” Akarudisha mkono mwanzo wa treni, akaanza upya. Milango, nimeona. Ukingo, nimeona. Mikoba, mmoja baada ya mwingine, nimeona. Njia nyeupe. Kibao kikapanda.

Hapakuwa na mshipi wowote. Hapakuwa na hatari yoyote. Treni ilichelewa sekunde kumi na moja, na mtahini akaandika sekunde kumi na moja. Baada ya treni ya tano alimuuliza alisema nini pale kati, naye akamtafsiria. Mtahini alifunga daftari akasema kwamba katika kazi yake amewaona wengi waliosema wameona, na leo amempata mmoja anayeweza kusema hajaona. Alifaulu. Bi. Parminder aliingia ofisini akafunga mlango, na mimi nilifagia ngazi ambazo zilikuwa safi.

Hivyo Mzee Kaijage alipata wiki sita za platifomu. Jambo la kwanza alilofanya ni kumwandikia Seema kadi, mistari mitatu tu, kumweleza kwamba amerudi kazini na namna anavyotazama siku hizi. Hakumwomba chochote.

Siku ya mwisho, treni yake ya mwisho ilikuwa ya saa nane na dakika saba mchana. Dakika tano kabla, mama mmoja wa miaka arobaini hivi alishuka ngazi akiwa na mkoba mwekundu wenye mshipi mrefu. Mzee alimtambua kabla yetu sote. Seema ni mtoto wa London. Wazazi wake walitoka Mombasa, Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza. Alisema, “Hello, uncle. I got your card,” akapanda behewa la tatu, mlango wa pili. Ulikuwa mlango ule ule.

Milango ilifungwa. Mzee Kaijage alifungua mkono wake, akaupitisha polepole. Milango, nimeona. Ukingo, nimeona. Alipofika behewa la tatu alirudisha mkono, akaanza tena kutoka kichwa cha treni, kama alivyofanya siku ya mtihani. Hakuna aliyetazama saa. “Mkoba wa Seema,” alisema, “nimeona.” Nyuma ya kioo Seema aliinua mkono wake wa kulia, ule uliovunjika, akafungua kiganja. Kibao kikapanda, treni ikaondoka, na Mzee akabaki amenyoosha mkono kwenye reli tupu hadi taa nyekundu ya nyuma ilipopotea.

Jumatatu iliyofuata Seema alipita tena. Bado anapita. Anakwenda kazini kwa dakika ishirini.

Mwakani Mzee Kaijage na Mama Restuta wanakwenda Osaka, safari hii kwa mwezi mzima, na Adelina ameshaonya kwamba makopo ya senene yawe mawili. Nyumba ya Kamachumu nayo imeezekwa. Mgomba ameniachia mimi, pamoja na sweta zake na orodha ya maagizo ya kurasa mbili.

Mzee wetu, asante kwa miaka thelathini na mmoja, mwezi mmoja na siku ishirini na sita. Asante kwa kutufundisha kusema tumeona, na kwa siku ile uliyosema bado. Jumatatu ya kwanza bila wewe, zamu ya platifomu ilikuwa yangu, na kibao nilikishika mimi. Nilifungua mkono wangu wote, nikaanzia kichwani mwa treni, na sikuona aibu kupaza sauti.

Afya njema, tumeiona. Mama Restuta ubavuni, tumemwona. Masanduku yamefungwa, mishipi iko ndani. Njia nyeupe, Mzee. Nenda salama.

Alka
Stesheni ya Thornley Road